Sikuwa na kazi nilipopata ajali. Je, bima inanihusu?

Shikamoo Dada,

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Hamilton, Ontario. Tulifika Kanada tukitokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ingawa kwetu hasa ni Fizi, Kivu Kusini. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemuuliza ananijibu lake na nimebaki nimeduwaa.

Tarehe 11 Oktoba mwaka huu, 2025, tulikuwa tunatoka harusini Ottawa, watu wanne ndani ya gari la rafiki yangu. Kwenye barabara ya 401, karibu na Belleville, magari yalisimama ghafla mbele yetu na rafiki yangu akaligonga lori kwa nyuma. Wenzangu walipona na michubuko. Mimi niliyekaa mbele nilivunjika mtulinga wa kulia, na mgongo haujatulia mpaka leo. Mkono siwezi kuuinua kupita bega. Mke wangu ndiye ananiogesha na kunivalisha, na kwa ajili hiyo amepunguza zamu zake kwenye nyumba ya wazee anakofanya usafi.

Kuhusu kazi: nilifanya kazi kwenye ghala kupitia wakala wa ajira, kubeba na kupanga maboksi, kuanzia mwanzoni mwa Novemba 2024 mpaka mwisho wa Juni 2025. Kisha wakatuambia kazi zimepungua. Tangu hapo natafuta. Siku ya ajali sikuwa na kazi, na hata yale malipo ya serikali ya waliopoteza kazi, EI, sikuyaomba, kwa sababu niliamini nitapata nyingine upesi.

Mtu mmoja anayetusaidia mambo ya karatasi hapa mtaani aliniambia bima hulipa mshahara uliopotea, na mimi sikuwa na mshahara, sasa nimepoteza nini? Mwingine kanisani akasema bima ya huku haiangalii mwenye kosa, kwa hiyo hakuna wa kudaiwa. Wa tatu ndiye aliyeninyima usingizi: amesema nikidai, rafiki yangu atapandishiwa ada na anaweza kufikishwa mahakamani. Dada, huyu ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege tulipofika. Bora nikose hela kuliko kumtia matatani.

Tena kuna mtu alinipigia simu akisema anatoka kliniki ya mazoezi, nisaini fomu tu, wao watazijaza. Sijasaini.

Mimi sina gari. Mke wangu ana lake, lina bima kwa jina lake, lakini siku ile lilikuwa nyumbani. Miezi miwili imepita na sijaongea na kampuni yoyote ya bima. Je, nimechelewa? Nina haki yoyote?

Baba wa watatu, Hamilton

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mpe pole na mkeo, maana zamu alizoziacha nazo ni hasara ya ajali hii, na nitazirudia hapa chini.

Kabla ya maelezo yoyote, kesho asubuhi mkeo apige simu kwenye kampuni ya bima ya gari lake, wewe ukiwa karibu naye. Aseme kwamba mume wa mwenye bima aliumia kwenye ajali ya gari tarehe 11 Oktoba na anaomba fomu za mafao ya ajali. Ndiyo, kampuni ya mkeo, si ya rafiki yako. Andikeni namba ya madai, jina la afisa mliyeongea naye, tarehe na saa.

Sasa nikueleze kwa nini ni huko. Ontario, tangu 1990, aliyeumia kwenye ajali ya gari hulipwa mafao ya msingi na bima ya upande wake bila kungoja ijulikane nani alikosea. Dereva aliyekosea hulipwa, abiria hulipwa, hata mtembea kwa miguu aliyegongwa hulipwa. Sheria imeweka mpangilio wa nani alipe. Ya kwanza ni bima ambayo wewe mwenyewe umo ndani yake, na mke au mume wa mwenye bima yumo, hata kama gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa nyumbani. Kama usingekuwa na bima hiyo, tungekwenda kwenye bima ya gari ulilopanda, kisha ya gari jingine lililohusika, na vyote vikikosekana kuna mfuko wa serikali ya jimbo unaoitwa Motor Vehicle Accident Claims Fund. Na mkikosea mkapeleka maombi pasipo pake, kampuni ya kwanza kupokea maombi yaliyokamilika ndiyo inayopaswa kuanza kulipa, halafu ivutane na wenzake baadaye. Mtu akikwambia "siyo sisi, nenda kwa wale", mwombe akuandikie hilo kwa maandishi. Mara nyingi sauti hubadilika hapo hapo.

(Wasomaji wa Quebec, Manitoba na British Columbia, mna mashirika ya umma yenye taratibu zake. Ninayosema hapa ni ya Ontario tu. Na ajali ikikukuta ukiwa kazini, kuna WSIB, bodi ya jimbo ya fidia kwa wanaoumia kazini, ambayo ni njia nyingine kabisa.)

Ndugu yako wa kanisani, basi, amesikia nusu ya habari. Kosa huangaliwa, na hupimwa kwa kanuni zilizoandikwa. Aliyegonga gari la mbele yake kwa nyuma hubebeshwa kosa lote, na kwa rafiki yako hilo liliamuliwa na namna magari yalivyogongana, si na wewe. Ada yake ikipanda, itapanda kwa sababu ya kugonga lori. Kunyamaza kwako hakumpunguzii hata dola moja. Ada ya mkeo nayo haitaguswa, kwa kuwa Ontario hairuhusu kampuni kumpandishia mtu ada kwa ajali ambayo hakuwa na kosa. Kwa hiyo unavumilia maumivu bila hela ili kumlinda mtu ambaye kimya chako hakimlindi. Mwambie hivyo yeye mwenyewe, uso kwa uso. Nadhani naye analala na mzigo huu, na atafarijika kujua unatibiwa.

Kumshtaki ni jambo jingine, na hakuna anayekulazimisha. Kudai mafao si kufungua kesi. Kesi ya kudai fidia ya maumivu inafunguliwa dhidi ya dereva mwenye kosa, ingawa kwa kawaida anayelipa ni bima yake, na ina masharti mazito: madhara yawe ya kudumu na makubwa, na kuna makato ya maelfu ya dola kwenye fidia yenyewe. Mtulinga ukiunga vizuri, huenda hata mlango huo haupo. Ila ujue muda wake, ili uamuzi uwe wako na si wa kalenda: taarifa ya maandishi kwa dereva ndani ya siku 120 tangu ajali, ambazo kwako zinaisha mapema Februari, na kesi yenyewe ndani ya miaka 2.

Tuje kwenye hilo la kutokuwa na kazi. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoteza haki, na inaniuma, kwa sababu wanaowapotosha ni watu wanaowaamini. Yule bwana wa karatasi alikuuliza umepoteza nini. Angekuuliza ulifanya kazi wiki ngapi.

Mafao ya kufidia kipato hayamhusu tu mtu aliyekuwa na kazi siku ya ajali. Yanamhusu pia aliyekuwa akipokea EI siku hiyo, na yanamhusu mtu asiye na kazi ambaye, katika wiki 52 kabla ya ajali, alifanya kazi angalau wiki 26. Wewe ulianza mwanzoni mwa Novemba 2024 ukaacha mwisho wa Juni 2025. Hizo ni takribani wiki 34, zote ndani ya mwaka mmoja kabla ya tarehe 11 Oktoba. Umevuka kiwango, tena kwa nafasi.

Kiasi hupatikana hivi. Kwa mtu wa hali yako, wanachukua mapato yako yote ya wiki 52 zile kabla ya makato ya kodi, wanagawanya kwa 52, kisha wanakulipa asilimia 70 ya hapo, na kikomo ni dola 400 kwa wiki. Tuseme ulilipwa kima cha chini cha wakati ule, dola 17.20 kwa saa, saa 40 kwa wiki, kwa wiki 34. Jumla inafika karibu dola 23,400. Gawa kwa 52 upate dola 450 kwa wiki. Asilimia 70 yake ni dola 315. Wiki ya kwanza baada ya ajali hailipwi. Angalia hati zako za mshahara na T4, ile karatasi ya mapato ya mwaka kwa ajili ya kodi, uweke namba zako halisi, na ukiwa na zamu za saa za ziada, zihesabu pia.

Sharti lenyewe ni kwamba majeraha yakuzuie kufanya sehemu kubwa ya kazi zile za msingi ulizokuwa ukizifanya. Kazi yako ilikuwa kuinua maboksi. Mkono haupiti bega. Sioni utata hapo, lakini daktari ndiye wa kuliandika, na aliandike kwa vitendo: hawezi kuinua uzito fulani, hawezi kufikia rafu ya juu, hawezi kusimama saa kadhaa. "Ana maumivu ya bega" ni maneno ambayo afisa wa madai huyapita haraka. Kipimo hiki kinadumu kwa wiki 104. Baada ya hapo kinakuwa kigumu zaidi: inabidi ionekane kwamba huwezi kabisa kazi yoyote inayokufaa kwa elimu, mafunzo na uzoefu wako. Ukijaribu kurudi kazini ndani ya wiki hizo 104 ukashindwa, kujaribu kwako hakukufungii mafao. Wakati unafanya kazi, sehemu ya unachopata hukatwa kwenye mafao, kwa hiyo kila kipato kiseme.

Kwa wasomaji ambao hawakufikisha wiki 26, mama aliyekuwa nyumbani na watoto, kwa mfano, au mzee asiyefanya kazi: yapo mafao mengine ya asiye na kipato, dola 185 kwa wiki. Hayalipwi kwa wiki 4 za kwanza, na mwisho wake ni wiki 104 tangu ajali. Kipimo chake ni kikali sana. Lazima ionekane kwamba umeshindwa kabisa kuendesha maisha yako ya kawaida, karibu kila ulichokuwa ukifanya kabla ya ajali: kupika, kulea, kwenda ibada, kulima kibustani. Andikeni maisha ya kabla na ya baada, siku kwa siku, wala msijifanye imara mbele ya daktari. Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata tukiwa tunaugua, na jibu hilo likiingia kwenye faili la bima linakaa humo miaka.

Nirudi kwako na kwa muda. Sheria inataka taarifa ndani ya siku 7, na fomu ya maombi, OCF-1, irudishwe ndani ya siku 30 tangu uipokee. Siku 7 zimekupita. Haki haijafa kwa hilo, ukiwa na sababu ya msingi ya kuchelewa, lakini sababu hiyo iandikwe. Kusema tu "sikujua sheria" mara nyingi hakutoshi. Andika ukweli wote: ulikuwa na mfupa uliovunjika na dawa za maumivu, Kiingereza cha karatasi hizi kinakushinda, uliambiwa na mtu uliyemwamini kwamba huna haki kwa kuwa huna kazi, na ulipojua ukapiga simu mara moja. Lakini hiyo "mara moja" lazima iwe kweli.

Na kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi mpaka limeshawagharimu. Fomu ya OCF-3, cheti cha daktari cha kuthibitisha kwamba umeshindwa kufanya kazi, ndiyo inayofungua malipo ya kila wiki. Sheria inasema mtu asiyewasilisha cheti hicho hana haki ya malipo ya kila wiki kwa kipindi cha kabla ya kukiwasilisha. Yaani wiki zilizopita tangu Oktoba huenda zimeshaondoka, na kila wiki utakayosita mwezi huu inaweza kuondoka vilevile. Usingoje miadi ya daktari wa familia ikiwa ni ya Februari. Muuguzi mwenye mamlaka ya kutibu au mtaalamu wa fiziotherapia naye anaruhusiwa kuijaza. Mwajiri wako wa zamani, yaani yule wakala wa ajira, atajazishwa OCF-2 kuthibitisha kazi na mapato. Wakala wengine huburuta miguu, kwa hiyo ambatisha hati zako za mshahara usiwategemee. Kampuni ikishapokea maombi na cheti, ina siku 10 za kazi kulipa, au kukueleza kwa maandishi kwa nini hailipi, au kuomba taarifa zaidi. Malipo yaliyochelewa yanatozwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Matibabu ni fungu jingine. Hospitali imelipwa na OHIP, bima ya afya ya serikali ya jimbo, lakini mazoezi ya bega na mgongo yatalipwa na bima hii, baada ya bima ya afya ya kazini kwa mkeo, kama anayo, kutoa sehemu yake. Kikomo ndicho wanachokipigania. Majeraha madogo, kama misuli na shingo iliyoshtuka, yana dola 3,500 tu. Mfupa uliovunjika hauhesabiwi kuwa jeraha dogo. Wewe uko kwenye kundi la dola 65,000 kwa miaka 5, matibabu na uhudumu vikiwa pamoja. Barua ikija inasema umewekwa kwenye majeraha madogo, usiikubali. Peleka picha ya eksirei.

Katika fungu hilo hilo kuna malipo ya mhudumu, mpaka dola 3,000 kwa mwezi, na hapa ndipo mkeo anapoingia. Ndugu wa familia hulipwa kwa kuhudumia ikiwa amepoteza kipato kwa sababu hiyo, na halipwi zaidi ya alichopoteza. Yeye amepunguza zamu. Akusanye ratiba za kabla ya ajali na za sasa, na barua kutoka kwa msimamizi wake. Mwombeni afisa wa madai mtaalamu wa kuja kupima mahitaji yako nyumbani na kujaza fomu iitwayo Form 1. Nayo iwahi, kwa sababu kampuni hailazimiki kulipia uhudumu wa siku zilizotangulia fomu hiyo.

Huyo wa kliniki aliyetaka usaini karatasi tupu, umefanya vema kumkatalia. Saini yako kwenye mpango wa matibabu inasema kila kilichoandikwa juu yake ni kweli, pamoja na vikao ambavyo hukuhudhuria, na dola zinazotafunwa hapo zinatoka kwenye zile 65,000 zako. Chagua kliniki mwenyewe, soma fomu ya mpango huo, OCF-18, kabla ya kusaini, na baki na nakala.

Kampuni inaweza kukutaka uende kwa daktari wake kupimwa. Nenda, kwa sababu ukikataa wana haki ya kusimamisha malipo. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, na useme wazi kwamba unataka anayeelewa Kiswahili cha Kongo. Usimpeleke mwanao akutafsirie. Mtoto hapaswi kusikia baba yake akieleza jinsi anavyoogeshwa, na wewe hutasema yote mbele yake.

Wakikataa, barua ya kukataa iwekeni vizuri. Una miaka 2 tangu tarehe yake kupeleka mgogoro kwenye Licence Appeal Tribunal, baraza ambalo tangu Aprili 2016 ndilo linalosikiliza mivutano hii. Kabla ya hapo nenda kliniki ya msaada wa kisheria ya mji wako uulize wanachoweza, au tumia huduma ya rufaa ya Law Society of Ontario, chombo kinachosimamia mawakili wa jimbo, ambayo hukuunganisha na wakili au msaidizi wa kisheria mwenye leseni kwa ushauri wa bure wa hadi nusu saa. Mwulize kwanza: ni asilimia ngapi utachukua, na utachukua kwenye nini?

EI ya mwezi Juni nayo iulizie Service Canada. Kuomba baada ya wiki 4 tangu siku ya mwisho ya kazi kunaweza kukukosesha malipo, lakini eleza sababu wao waamue.

Jambo la mwisho ni la nyumba yako na la kila msomaji wa Ontario mwenye gari. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mafao ya kufidia kipato, ya asiye na kipato na mengine kadhaa yanakuwa ya hiari kwenye mikataba mipya na inayohuishwa. Matibabu, ukarabati wa viungo na uhudumu ndivyo vitakavyobaki vya lazima. Atakayeyaondoa ili apunguze ada atakuwa amemwondolea na mwenzi wake pia. Bima ya mkeo ikifika kuhuishwa, mpigie wakala simu, mwombe asome fungu moja moja, na asiondoe mafao ya kipato kabla hamjakaa mkayazungumza wawili.